RUBANI WA DAWA: KAZI YAKE ANGANI, NA KAZI YETU ARDHINI

Mkulima wa skimu ana maadui wengi, na wengi wao anawamudu. Magugu huyang'oa kwa jembe. Kutu ya ngano huishinda kwa kuchagua mbegu bora. Kupe huwaua kwa josho. Lakini wako maadui wawili ambao jembe, mbegu na josho haviwawezi. Wa kwanza ni nzige, ambao huja na upepo kutoka nchi za mbali. Wa pili ni kwelea kwelea, ndege wadogo wanaoshuka shambani kwa malaki. Hao wakitokea, watu wote huinua macho juu na kungoja eropleni ya dawa.

Wengi hufikiri kwamba eropleni ikisha kufika, kazi imekwisha. Tena wako wanaodhani kuwa rubani wake ni bwana mwenye raha, akaaye juu ya wenzake na kufungua bomba tu. Mambo sivyo yalivyo. Rubani wa dawa ni mkono wa mwisho katika kazi ya mikono mingi, na mkono huo hauna macho ila macho yetu sisi tulio chini. Yafaa kila mwenye shamba aijue kazi hii vizuri, kwa maana siku ya kuihitaji hakuna nafasi ya kujifunza.

Ilianza vipi

Kazi ya kumwaga dawa kwa eropleni ilianza Marekani. Tarehe 3 Agosti 1921, karibu na mji wa Troy katika jimbo la Ohio, palikuwa na shamba la miti iitwayo katalpa. Lilikuwa na ekari 6 na miti karibu 5,000, na viwavi walikuwa wakiyala majani yote. Rubani wa jeshi, Luteni John Macready, alirusha eropleni ya zamani iliyotumika kufundishia marubani wakati wa vita. Ubavuni mwa eropleni hiyo palifungwa sanduku la bati lililojaa unga wa sumu. Mwenzake, Etienne Dormoy, ndiye aliyelitengeneza sanduku hilo, naye alikaa nyuma akizungusha mpini kwa mkono ili unga utoke.

Walipita juu ya miti mara chache tu. Kazi yenyewe ya kumwaga ilichukua muda usiofika dakika moja. Baada ya siku mbili wataalamu wa wadudu walikuta karibu viwavi wote wamekufa. Kama watu wangelifanya kazi ile kwa ngazi na mabomba ya mkono, wangelimaliza siku nyingi.

Tangu hapo kazi hiyo ilienea. Mwaka 1922 majaribio yalifanywa katika mashamba ya pamba huko Louisiana, na mwaka 1924 ikaundwa kampuni ya kumwaga dawa ya pamba kwa eropleni. Kampuni hiyo ndiyo iliyozaa Delta, shirika kubwa la ndege la Marekani la leo. Kwa hiyo wasafiri wengi wanaoketi juu ya viti vizuri vya Delta wanapanda chombo ambacho babu yake alikuwa mtumishi wa mkulima.

Nzige na eropleni Afrika Mashariki

Wazee wa Kenya waliwajua nzige kabla ya kuijua eropleni. Kuanzia mwaka 1928 nzige wa jangwani waliingia nchini na kuharibu chakula kwa miaka kadhaa. Wakati huo watu walipiga madebe, walichimba mitaro ya kuwafukia tunutu, yaani watoto wa nzige wasioweza kuruka, na walitandaza pumba zilizotiwa sumu. Njia hizo zilisaidia kwa tunutu, lakini hazikuwafikia wakubwa walio hewani.

Miaka ya 1950 eropleni ilikwisha kuwa silaha kubwa ya kupigana na nzige. Mwaka 1954 makundi kama 50 yaliivamia Kenya, na kundi kubwa kuliko yote lilifunika kilomita za mraba 200. Ikaonekana wazi kwamba nchi moja peke yake haiwezi vita hivi, kwa kuwa nzige hatambui mpaka. Mwaka 1962 nchi za sehemu hizi zilitia sahihi mkataba mjini Addis Ababa, na likaundwa Shirika la Kupambana na Nzige wa Jangwani la Afrika Mashariki. Shirika hilo lina eropleni na marubani wake, na kazi yake si nzige tu, bali hata viwavijeshi, kwelea kwelea na mbung'o.

Baadaye ilipita miaka mingi ya amani, hata vijana wakadhani nzige ni hadithi ya kale. Ndipo ulipokuja mwezi wa Desemba 2019. Tufani mbili za mwaka 2018 zilikuwa zimemwaga mvua katika jangwa kubwa la Arabuni, mahali pasipo watu wala wapelelezi, na nzige wakazaana huko kizazi baada ya kizazi pasipo kuonekana. Wakavuka Yemen, wakafika Somalia na Ethiopia, na mwishoni mwa Desemba 2019 wakaingia kaskazini mashariki mwa Kenya. Ulikuwa uvamizi mbaya kuliko wote nchini kwa muda wa miaka 70. Wajir, Mandera, Marsabit, Samburu, Isiolo, Meru na Kitui ziliwaona, na kaunti nyingine nyingi pia. Makundi mapya yalifuata mwishoni mwa 2020 na mapema 2021, kabla hawajapungua na kwisha.

Tufanye hesabu kidogo, kama tulivyozoea shuleni. Nzige mzima ana uzito wa gramu 2, naye hula kiasi cha uzito wake kila siku. Kilomita ya mraba moja ya nzige yaweza kuwa na nzige milioni 40, na pengine hata milioni 80. Tukichukua milioni 40 tu, chakula chao cha siku moja ni tani 80. Ukipima kwa magunia ya kilo 90, ni karibu magunia 890 ya majani na nafaka, kwa siku moja. Mkulima mwenye deni la shamba la kulipa na karo ya watoto ya kutafuta, na aifikirie hesabu hiyo.

Asubuhi ya rubani

Nzige huruka mchana na kulala usiku. Jioni, jua linapotua, kundi hushuka juu ya miti na vichaka. Asubuhi huwa wamekufa ganzi kwa baridi. Hawawezi kuruka mpaka jua liwapashe moto, na katika nchi ya juu yenye baridi huchelewa zaidi. Muda huo mfupi, kati ya mapambazuko na saa 3 au saa 4 asubuhi, ndio muda wa rubani. Kundi likisha kuondoka laweza kusafiri hata kilomita 130 kwa siku moja, na kazi ya kulitafuta huanza upya.

Kwa hiyo rubani huamka saa 10 au saa 11 za alfajiri. Kwanza huizunguka eropleni kwa miguu na kuikagua: mafuta, magurudumu, mabawa, mabomba ya dawa. Hupimisha mafuta ili kuona kama yameingia maji. Watu wa chini, wamevaa glavu na nguo za kujikinga, hujaza dawa katika tangi. Rubani hutazama ramani na habari aliyopewa jioni: kundi limelala wapi, ni kubwa kiasi gani, upepo watoka wapi, na je, kuna nyumba, kisima au mizinga ya nyuki karibu.

Jambo jingine ni hewa ya nchi yetu. Uwanja wa Wilson, Nairobi, uko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na Kinangop iko juu zaidi. Huko juu hewa ni nyepesi. Hewa nyepesi hupunguza nguvu ya injini na nguvu ya mabawa, na jua likiwaka huzidi kuwa nyepesi. Eropleni iliyobeba dawa na mafuta hutaka uwanja mrefu kuliko kule pwani ili ipate kuruka. Rubani mwenye akili hupunguza mzigo wake, maana ni afadhali kwenda mara mbili kuliko kutofika hata mara moja.

Tena hathubutu kuingia katikati ya kundi linaloruka. Nzige huziba matundu ya hewa ya injini na kupaka kioo cha mbele hata rubani asione kitu. Januari 2020 ndege ya abiria iliyokuwa ikienda Dire Dawa, Ethiopia, ilikutana na nzige, ikashindwa kutua na kulazimika kwenda Addis Ababa. Ikiwa ndege kubwa ilipata shida hiyo, eropleni ndogo itakuwaje?

Hesabu ya mwendo

Kumwaga dawa ni kazi ya kuruka chini chini. Katika shamba la ngano eropleni hupita kiasi cha mita 3 juu ya masuke. Kwa nzige hupita juu kidogo, kama mita 10. Mwendo wake waweza kuwa kilomita 180 kwa saa. Mwendo huo ni mita 50 kwa kila sekunde.

Basi, mti ulio mita 200 mbele umebakiza sekunde 4. Waya wa umeme au wa simu ni mbaya zaidi, kwa sababu macho hayauoni vizuri ukiwa na mashamba nyuma yake. Rubani hutazama nguzo, si waya, kwa kuwa akiziona nguzo mbili anajua kuna waya kati yake. Kabla ya kuanza huzunguka juu mara moja au mbili akizihesabu nguzo, miti mirefu na minara, na kuyaweka yote katika kichwa chake.

Hatari nyingine ni kugeuka. Akifika mwisho wa shamba hufunga dawa, huinua pua ya eropleni, hugeuka na kurudi kwenye mstari wa pili. Wakati huo mwendo hupungua, na macho yake hugeuka nyuma kutafuta mahali alipoachia. Akiinua pua kupita kiasi, au akigeuka kwa ghafula mno, mabawa hupoteza nguvu ya kuishikilia eropleni hewani. Akiwa mita 30 tu juu ya ardhi hana nafasi ya kujirekebisha. Marubani wengi waliokufa katika kazi hii duniani walikufa ama kwa waya ama kwa kugeuka.

Halafu kuna dawa yenyewe. Dawa nyingi za nzige hushika mishipa ya fahamu ya mdudu, na zaweza kushika ya mtu pia. Kwa hiyo rubani huanza upande ule upepo unakokwenda, na kila mstari mpya huuendea upepo unakotoka, ili asipite katika dawa yake mwenyewe. Yafaa pia damu yake na ya wanaojaza dawa ipimwe mara kwa mara, ionekane kama sumu imeanza kuingia mwilini.

Dawa hushukaje

Mkulima anayetumia bomba la mgongoni huchanganya dawa na maji mengi. Kwa hektari moja, yaani ekari mbili na nusu, aweza kutumia lita 200 za maji. Eropleni ya nzige haichukui maji. Dawa yake ni ya mafuta, tayari kwa kumwagwa, na kiasi chake ni nusu lita hadi lita moja kwa hektari. Tangi la lita 500 laweza kutosha hektari 500, au hata 1,000.

Kidogo namna hiyo chatoshaje? Chini ya mabawa hufungwa vitungi vya wavu wa waya, vinavyozungushwa kwa kasi na upepo wa safari. Dawa ikiingia humo hukatwakatwa kuwa matone madogo sana, unene wake kama unywele. Upepo huyabeba na kuyaweka juu ya nzige na juu ya majani anayokula.

Upepo, basi, ni rafiki na ni adui. Ukikosekana kabisa, matone huning'inia hewani. Ukizidi, huyapeleka kwa jirani. Mchana jua likiwa kali, hewa ya moto huinuka kutoka ardhini na kuyapandisha matone juu yasishuke. Hii ndiyo sababu ya rubani kumwaga asubuhi au jioni, na kukaa kivulini adhuhuri. Si mvivu. Anangoja hewa.

Zamani watu wawili walisimama pande mbili za shamba na bendera nyeupe, wakipiga hatua baada ya kila mstari ili rubani ajue pa kupita. Leo kuna chombo ndani ya eropleni kinachopokea ishara za setilaiti na kumwonyesha mstari wake. Hata hivyo moshi wa jikoni kwako bado una kazi, kwa maana rubani huutazama ili kujua upepo unakwenda wapi.

Kwa nini haiji kwa shamba moja

Wakulima huuliza, "Kwa nini eropleni isije kumwaga dawa katika shamba langu, kama inavyofanya kwa wenye mashamba makubwa?" Jibu liko katika hesabu tuliyoifanya. Shamba la ekari 10 lenye pande sawa lina urefu wa mita 200 hivi kila upande. Eropleni hulivuka kwa sekunde 4. Rubani hajamaliza kufungua dawa, amekwisha kufika kwa jirani, na pengine jirani ana sukumawiki, ng'ombe wa maziwa na mizinga ya nyuki. Dawa iliyokusudiwa ngano yako haiombi ruhusa kwenye ua.

Eropleni inafaa shamba la mamia ya ekari lisilo na nyumba wala miti katikati, au adui aliyekusanyika mahali pamoja mbali na watu. Kwa mwenye ekari 10, bomba la mgongoni bado ndilo chombo chake. Siku hizi viko pia vyombo vidogo vinavyoruka bila rubani, vinavyobeba lita chache za dawa na kuongozwa na mtu aliyesimama chini. Hivyo vinafaa zaidi mashamba madogo, lakini haviruhusiwi kurushwa ovyo. Mwenye kuvirusha lazima awe na kibali cha mamlaka ya usafiri wa ndege. Wanachama wa ushirika wakitaka kukodi, na waulize kwanza kibali hicho.

Maana yake ni kwamba eropleni ya dawa hailindi shamba la mtu mmoja. Hulinda eneo zima. Nzige wakiuawa Samburu au Isiolo, aliyeokolewa ni mkulima wa Laikipia na wa Nyandarua, ingawa hajaiona eropleni hata siku moja.

Habari ya kwelea kwelea

Wakulima wa mpunga na ngano wanamjua kwelea. Uzito wake ni kama gramu 20 tu, lakini hula gramu 10 za nafaka kwa siku. Kundi la ndege milioni moja hula tani 10 kila siku. Mapema mwaka 2023 waliwasumbua sana wakulima wa mpunga katika Kaunti ya Kisumu.

Kwelea hulala pamoja katika migunga au matete. Kwa hiyo rubani huwamwagia dawa jioni, wanaporudi kulala, naye anayo dakika chache tu kabla ya giza. Kazi hii ina hatari yake, kwa sababu ndege wanaogonga kioo ni kama mawe. Tena dawa ya kwelea haichagui. Bundi na mwewe wakila kwelea waliokufa, hufa pia. Mtu naye asiguse mzoga hata mmoja, wala asiwape mbwa au kuku. Nyama ya bure iliyo na sumu si nyama ya bure.

Kazi yetu ardhini

Sasa tumefika kwenye jambo lenyewe. Rubani hawezi kuizunguka Kenya yote akitafuta nzige. Mafuta ni ghali na siku ni fupi. Anategemea habari. Mtu akipeleka habari ya kusema tu, "Nzige wamefika kwetu, ni wengi sana, leteni eropleni," habari hiyo haimsaidii. Kwetu ni wapi? Wengi kiasi gani? Wako bado au wamepita?

Habari nzuri hujibu maswali haya:

1. Mahali gani? Taja kijiji, kata, na kitu kinachojulikana: shule, mto, kilima.

2. Saa ngapi umewaona, na walikuwa wakielekea wapi?

3. Rangi gani? Nzige wa rangi ya waridi ni vijana, hawajaanza kutaga. Nzige wa rangi ya manjano wamekomaa na wako tayari kutaga. Jike mmoja aweza kuweka mayai hata 80 katika shimo moja.

4. Kundi ni kubwa kiasi gani? Kadiria kwa kulilinganisha na mahali: kutoka shuleni hadi mtoni, kutoka barabara hadi kilimani.

5. Wamelala wapi? Hili ndilo kubwa kuliko yote. Wafuate kwa macho mpaka jua litue, kisha upeleke habari usiku huo huo kwa chifu au kwa Bwana Shamba. Habari ya saa 2 usiku humfikisha rubani alfajiri. Habari ya saa 4 asubuhi humfikisha mahali patupu.

Ukiona tunutu ardhini, usicheke kwa kuwa ni wadogo. Tunutu hawaruki, nao huuawa kwa bomba la mkono kwa gharama ndogo. Baada ya wiki tano au sita wataota mabawa, na hapo ndipo eropleni itakapohitajika.

Eropleni ikija, fanya haya:

Funika visima, mapipa ya maji na chakula. Ondoa watoto na mifugo katika eneo hilo, nanyi kaeni mbali. Usikimbilie kutazama. Kama una nyuki, ifunike mizinga au ihamishe usiku, nyuki wakiwa ndani. Mwambie ofisa mapema iliko, maana nyuki aliyekufa hawezi kuichavusha alizeti wala boga lako.

Usile nzige waliomwagiwa dawa, wala usiwape kuku. Najua ziko jamaa ambazo nzige ni kitoweo chao tangu zamani. Lakini nzige wa wazee hakuwa na sumu.

Usivune mboga wala usirudishe ng'ombe malishoni mpaka uambiwe siku zimetimia. Dawa moja si sawa na nyingine, kwa hiyo usihesabu siku za mwaka uliopita. Uliza.

Usichukue mtungi wa dawa uliotupwa ukateka maji. Hausafishiki.

Mtu akitokwa jasho na mate mengi, akaumwa kichwa, akatapika au macho yakafifia baada ya kuguswa na dawa, mvue nguo, mwoshe kwa maji na sabuni, na mpeleke hospitali upesi. Kama waweza, peleka na karatasi yenye jina la dawa.

Na tusijidanganye kwamba dawa ni jambo dogo. Kwa miaka mingi nzige waliuawa kwa dieldrini, dawa iliyosifiwa sana kwa kuwa ilidumu muda mrefu. Baadaye ilijulikana kwamba ilidumu mno, ikaingia katika udongo, katika wanyama na katika maziwa, nayo ikakomeshwa. Siku hizi iko pia dawa iliyotengenezwa kwa kuvu inayoua nzige na jamii yake. Huua polepole, kwa siku nyingi, lakini haimdhuru nyuki wala ng'ombe. Ilitumika Somalia mwaka 2020.

Kama mtoto wako atamani kazi hii

Wako wazazi watakaouliza kama mtoto wa skimu aweza kuwa rubani wa dawa. Aweza, awe mvulana au msichana. Ajifunze hesabu, fizikia, jiografia na Kiingereza. Macho na mwili wake vitapimwa na daktari maalumu. Shule za urubani ziko Nairobi katika uwanja wa Wilson, na iko shule ya zamani ya Afrika Mashariki huko Soroti, Uganda. Ili kupata cheti cha kurusha eropleni kwa malipo, lazima awe na umri wa miaka 18 au zaidi, na aruke saa 200, au saa 150 ikiwa amesoma mfululizo katika shule iliyokubaliwa.

Baada ya hapo huanza masomo ya pili: kuruka chini, kubeba mzigo mzito, kujua upepo, kujua dawa, na kujua mimea. Karo yake ni kubwa, nasi hatufichi. Lakini msingi wake huwekwa katika darasa la kijijini, kwa mtoto anayependa hesabu na asiyechoka kuuliza.

Neno la mwisho

Nzige watarudi. Hatujui mwaka, lakini jangwa likipata mvua nyingi huzaa nzige, na upepo utawaleta. Mwaka 2019 vijana wetu wengi hawakuwa wamemwona nzige mmoja maishani. Sasa wamemwona, na yafaa tusisahau upesi.

Wanakamati wa skimu, katika mkutano wenu ujao chagueni watu wawili au watatu wa kila kijiji watakaopeleka habari. Wafundisheni yale maswali matano. Andikeni nambari ya simu ya chifu na ya ofisi ya kilimo ukutani dukani na kwenye ghala la ushirika. Orodhesheni wenye mizinga ya nyuki. Kazi hiyo ni ya jioni moja tu, wala haina gharama.

Siku rubani atakapopita juu ya bonde kwa mita 50 kila sekunde, awe anajua nzige walipo na nyuki walipo. Hiyo ndiyo kazi yetu, nayo hufanywa kabla injini haijawashwa.